Kutoka Kujiita hadi Kuitwa: Jina Jipya katika Historia ya Afrika Mashariki na Shauri la Audrey Mbugua Ithibu

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mtu mzima anavyopata jina jipya na namna jina hilo linavyokubaliwa na jamii na dola. Mfano mkuu ni shauri la Audrey Mbugua Ithibu, mwanamke transjenda wa Kenya, lililoamuliwa na Mahakama Kuu jijini Nairobi mwaka 2014. Shauri hilo linasomwa sambamba na historia ya watu wengine wa eneo hili waliobadili majina, akiwemo Siti binti Saad, Sayyida Salme, Jomo Kenyatta na Ngũgĩ wa Thiong'o. Uchunguzi unaegemea vitenzi vinavyotumika katika Kiswahili kuzungumzia jina, pamoja na mahali jinsi inapojitokeza katika muundo wa jina la mtu. Inajadiliwa kwamba kuchagua jina ni hatua ya kwanza tu. Jina hukamilika pale linapotoka kwenye kujiita na kuingia kwenye kuitwa. Inaoneshwa pia kwamba muundo wa majina wa Afrika Mashariki una nafasi ya kumpokea mwenye jina jipya bila kumtenga na ukoo wake.

1.0 Utangulizi

Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu ya Kenya alitoa uamuzi katika shauri lililofunguliwa dhidi ya Baraza la Mitihani la Taifa la Kenya, linalofahamika zaidi kwa kifupi chake, KNEC. Kilichobishaniwa kilikuwa karatasi moja. Mwombaji, Audrey Mbugua Ithibu, alifanya mtihani wa kumaliza elimu ya sekondari (KCSE) mwaka 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu, akapata wastani wa A-. Cheti alichopewa kilikuwa na jina la kwanza la kiume na alama ya jinsi ya kiume. Baadaye alibadili jina lake kisheria, akaliomba Baraza limpe cheti chenye jina analolitumia na kisicho na alama ya jinsi. Baraza lilikataa. Mahakama iliamuru cheti cha zamani kirudishwe na kipya kitolewe kwa jina la Audrey Mbugua Ithibu, bila alama hiyo.

Wanasheria wameliangalia shauri hili kwa upande wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, hasa Ibara ya 28 inayohusu heshima ya utu. Kwa mwanaisimu, shauri linaibua maswali ya namna nyingine. Je, jina la mtu ni mali ya nani: ya aliyelitoa, ya anayelibeba, au ya wanaolitamka? Ni sehemu gani ya jina inayobeba jinsi? Na kwa nini mtu anayeacha jina moja huyashika mengine? Makala hii inajibu maswali hayo kwa kuanza na lugha yenyewe, kisha historia, na hatimaye mahakama.

Istilahi mbili zinahitaji kuwekwa wazi. Neno jinsi linatumika hapa kwa maana ya hali ya kuwa wa kike au wa kiume kama inavyoandikwa katika kumbukumbu za kuzaliwa, na jinsia kwa maana ya namna mtu anavyoishi na kujitambua katika jamii. Neno transjenda linatumika kwa mtu ambaye jinsia anayoiishi hailingani na jinsi aliyosajiliwa nayo alipozaliwa. Jina la kwanza ambalo mwombaji aliliacha limo katika kumbukumbu za mahakama. Halirudiwi hapa kwa sababu hoja ya makala haihitaji zaidi ya kujua kwamba lilikuwa jina la kiume la Kikristo.

2.0 Kuita, kuitwa, kuitika

Kiswahili humuuliza mgeni jina lake kwa kauli ya kutendwa: unaitwa nani? Jibu nalo hutolewa kwa kauli hiyohiyo: naitwa fulani. Katika mazungumzo hayo ya kila siku msemaji anajitambulisha kwa kutaja tendo linalofanywa na wengine. Yeye ni mtu ambaye watu humwita hivyo. Hata kitenzi cha asili ya jina kina sura hiyo: mtoto hupewa jina. Kwa Waislamu wa pwani, jina la mtoto hutangazwa kwa desturi siku ya saba, siku ya akika, mbele ya jamaa na majirani. Mhusika mkuu wa shughuli hiyo ndiye pekee asiyekuwa na kauli.

Lugha inapofika kwa mtu anayejitwalia jina mwenyewe, sauti yake hubadilika. Kitenzi kujiita kina shaka ndani yake. Mwandishi wa habari akiandika kwamba fulani "anajiita daktari", msomaji anaelewa mara moja kwamba udaktari huo una walakini. Jina la kupanga ni jina la mtu anayejificha. Jina bandia ni la mtu anayedanganya. Lakabu na jina la utani zina heshima zaidi, lakini zote mbili kwa kawaida hutoka kwa wengine, na hukaa kando ya jina halisi bila kulifuta. Kwa ufupi, msamiati wa Kiswahili una maneno mengi ya jina linalotolewa na watu, na una maneno machache yasiyo na doa kwa jina ambalo mtu amelichagua mwenyewe akiwa na akili timamu na nia njema.

Hata hivyo kuna kitenzi cha tatu katika familia hii, nacho ni kuitika. Kuita hakukamiliki bila kuitika. Mama anayemwita mwanawe uani husubiri sauti ya "abee" au "naam", na asipoisikia huita tena. Kwa mtazamo huu jina ni daraja lenye nguzo mbili: upande mmoja yuko anayeita, upande wa pili yuko anayeitika. Mwenye jina hakuwa na kauli siku alipopewa jina, lakini tangu alipojifunza kuitika amekuwa mshirika. Mtu mzima anayeacha kuitikia jina alilopewa anatumia uwezo aliokuwa nao muda wote. Kinachobaki ni kuwapata watakaomwita kwa jina jingine, na hapo ndipo ugumu wote ulipo.

3.0 Jinsi inapokaa katika jina la mtu

Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina jinsi ya kisarufi, na kauli hiyo ni sahihi. Ngeli ya A-WA huwapokea wanawake na wanaume kwa kiambishi kimoja. Sentensi "Aliomba cheti kipya, akanyimwa" haimlazimu mwandishi kusema kama mwombaji ni mwanamke au mwanamume, na kiwakilishi yeye hakimlazimu pia. Mwandishi wa Kiingereza anayesimulia habari hiyohiyo hulazimika kuamua tangu kiwakilishi cha kwanza.

Lakini itakuwa haraka kuhitimisha kwamba katika Kiswahili jinsi haina makazi. Ina makazi, ila si katika upatanisho wa kisarufi. Kwanza, inakaa katika vitenzi vichache vya maisha ya kijamii: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Pili, inakaa katika maneno ya heshima na udugu yanayotangulia jina, kama Bwana na Bibi, Kaka na Dada, Baba Fulani na Mama Fulani. Tatu, inakaa katika jina lenyewe na katika viunganishi vyake.

Majina ya asili ya Kiarabu yaliyozoeleka pwani yana jozi nyingi zinazotofautiana kwa irabu ya mwisho tu: Rashidi na Rashida, Salimu na Salima, Habibu na Habiba. Alama ya kike katika jozi hizi ni -a, iliyorithiwa kutoka Kiarabu. Lakini irabu hiyo haitoshi kuwa kanuni, kwani Juma, Musa, Isa na Hamza ni majina ya wanaume. Majina ya siku na ya sikukuu yana njia nyingine: Juma na Mwanajuma, Hamisi na Mwanahamisi, Idi na Mwanaidi. Hapa mwana, neno ambalo kwa maana yake ya kawaida ni mtoto wa jinsi yoyote, limetumika kwa maana ya bibi wa heshima, kama katika jina la Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi wa karne ya 19. Wanaume wa hadhi walikuwa na Mwinyi na Bwana. Alama ya jinsi, kwa hiyo, ni kipande kidogo kinachobandikwa mbele ya jina au kubadilishwa mwishoni mwake.

Kundi la tatu ni la nomino za kawaida zilizogeuzwa kuwa majina ya watu: Zawadi, Amani, Furaha, Imani, Bahati, Riziki, Tumaini. Kwa kuwa nomino hizi hazina jinsi, majina mengi ya kundi hili hupewa watoto wa kike na wa kiume. Yako yaliyoelemea upande mmoja, kama Neema na Upendo kwa wasichana, lakini huo ni uzoefu wa matumizi, na uzoefu hutofautiana baina ya mahali na mahali.

Viunganishi vya nasaba ndivyo vilivyo wazi kuliko vyote. Bin na binti humtaja mwenye jina kwa jinsi yake kabla ya kumtaja baba yake. Siti binti Saad hawezi kusomwa kuwa mwanamume, hata na msomaji asiyejua kama Siti ni jina la kike. Tofauti na hayo, kiunganishi cha Kibantu wa, kinachoonekana katika Kamau wa Ngengi au Ngũgĩ wa Thiong'o, hakisemi lolote kuhusu jinsi ya mtoto. Siku hizi katika nyaraka nyingi za Kenya na Tanzania viunganishi vyote vimeachwa na majina huandikwa kwa kufuatana tu: la mtu mwenyewe, la baba, la babu au la ukoo. Mabadiliko hayo ya kimya yana athari kubwa kwa hoja ya makala hii, na yatarejewa katika sehemu ya sita.

4.0 Waliotangulia kubadili majina

Mtu akisikiliza mijadala ya leo anaweza kudhani kwamba kubadili jina ukubwani ni jambo geni katika Afrika Mashariki. Historia inaonesha vinginevyo. Baadhi ya majina mashuhuri kabisa ya eneo hili yalipatikana ukubwani.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, akaitwa Mtumwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini sheria hiyo haikuwafutia watu majina waliyokwisha kupewa. Alipohamia mjini na kupata sifa ya uimbaji, alijulikana kwa jina la Siti, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha bibi wa heshima. Ni kwa jina hilo alirekodi santuri zake Bombay kuanzia mwaka 1928, na ni kwa jina hilo Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Umbali baina ya Mtumwa na Siti ni umbali mrefu kuliko wote ambao jina la kwanza linaweza kusafiri katika jamii ya matabaka. Jambo la kuzingatia ni kwamba binti Saad haikuguswa. Mwimbaji alibadili hadhi yake bila kumbadili baba yake.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alichukua njia tofauti. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa mjini Aden kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Jina la mbele na jina la nyuma yalibadilika kwa siku moja. Alipochapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alijieleza kuwa ni binti wa kifalme wa Kiarabu. Aliyepoteza majina yote mawili alilazimika kuandika kitabu kizima ili nasaba yake ijulikane.

Kwa upande wa Kenya, rais wa kwanza wa nchi alizaliwa akiitwa Kamau wa Ngengi. Mwaka 1914 alibatizwa katika misheni ya Kiskoti ya Thogoto. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba alitaka majina ya mitume wawili, Yohana na Petro, akaambiwa achague moja. Naye akayaunganisha kwa Kiingereza kuwa Johnstone, kwa kuwa Petro maana yake ni jiwe. Iwapo simulizi hiyo ni sahihi kwa kila kipengele au la, inaeleza vizuri hali ya mtu anayetaka jina mbele ya mlinzi wa mlango: anapewa nafasi finyu, naye anatafuta ujanja ndani ya ufinyu huo. Kenyatta lilitokana na mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa. Jomo lilionekana kwenye jalada la kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya. Kufikia uhuru hakuna aliyeandika kwamba kiongozi huyo "anajiita" Kenyatta. Aliitwa hivyo na mamilioni.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi. Katika muongo wa 1970 aliacha jina la ubatizo kwa sababu alizozieleza waziwazi kuwa za ukombozi wa utamaduni, na Petals of Blood ya mwaka 1977 ikatoka kwa jina ambalo ulimwengu unalijua. Wakutubi walirekebisha kadi zao. Wahakiki walifuata. Hakuna aliyedai kwamba mwandishi wa Weep Not, Child ni mtu mwingine, wala kwamba kumwita kwa jina jipya ni kughushi historia ya fasihi.

Mifano hii minne inatofautiana kwa sababu zake: tabaka, dini, siasa na utamaduni. Inafanana katika mambo mawili. La kwanza, kila mmoja alipita katika kipindi ambacho jina jipya lilikuwa dai tu kabla halijawa jina, na kilichomvusha ni watu waliolitumia. La pili, aliyeacha jina la mbele na kubaki na la nyuma aliendelea kutambuliwa kwao, ilhali Salme, aliyeacha yote, alikuwa pia ameondoka nyumbani. Methali ya Kiswahili isemayo mkataa kwao ni mtumwa inatoa kipimo kikali kwa kila anayebadili jina. Siti, ambaye Mtumwa lilikuwa jina lake hasa, alikipita kipimo hicho: alikataa jina, hakukataa kwao.

5.0 Hati, cheti na mahakama

Mtu asiyekuwa na umati wa wasikilizaji au wasomaji wa kumwita anabaki na njia ya sheria. Nchini Kenya njia hiyo ni hati ya kubadili jina, inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Matangazo hayo hufuata mtindo mmoja ambao haujabadilika sana tangu enzi ya ukoloni, na yana matendo matatu kwa mpangilio. Mhusika anakana na kuliacha jina la zamani. Kisha analitwaa jipya kwa shughuli zote. Mwisho anawaidhinisha na kuwaomba watu wote, wakati wote, wamtaje na kumwita kwa jina hilo peke yake.

Tendo la tatu ndilo linalopaswa kumvutia mwanaisimu. Sheria yenyewe inakiri kwamba kukana na kutwaa havitoshi. Hati inaishia kwa ombi kwa sababu mwenye jina hawezi kujiita peke yake. Pia tangazo lina kinaya: ili jina liachwe ni lazima lichapishwe kwa mara nyingine, safari hii mbele ya taifa zima. Kwa mtu anayebadili tahajia ya jina la ukoo kinaya hicho hakina uzito. Kwa mtu transjenda ni gharama halisi, kwa kuwa jina la zamani humfichulia yeyote atakayelikuta jambo ambalo mwenyewe huenda hakukusudia kulitangaza kwa kila mtu.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba hati ya kubadili jina haiulizi kama jina jipya ni la kike au la kiume. Mlango wa jina, kwa hiyo, ulikuwa wazi. Uliofungwa ulikuwa mlango wa jinsi, kwani wakati wa shauri hapakuwa na sheria mahususi ya Kenya iliyoweka utaratibu wa mtu transjenda kubadilisha alama ya jinsi katika nyaraka zake. Audrey Mbugua Ithibu alisimama kati ya milango hiyo miwili: jina lake lilitambuliwa na hati, na cheti chake kilimtaja mtu mwingine.

Madhara yake yanaeleweka kwa urahisi. Cheti cha mtihani kina kazi ya kumuunganisha mtu na jasho lake. Mwajiri anapokipokea, anakilinganisha na mtu aliyeketi mbele yake. Ikiwa mtu huyo ni mwanamke anayeitwa Audrey na cheti kinamtaja mwanamume, mwajiri hatasema kwamba kumbukumbu imehifadhiwa vizuri. Atashuku kwamba cheti ni cha kuiba. Hivyo karatasi inayosema kweli kuhusu mwaka 2001 inamfanya mwenyewe aonekane mwongo katika mwaka anaoomba kazi. A- aliyoipata kwa kusoma inageuka ushahidi dhidi yake.

Upande wa pili wa hoja hauwezi kupuuzwa. Chombo kinachotoa vyeti hulinda imani ya umma, na nchi yoyote yenye soko la vyeti vya kughushi ina sababu ya kuwa makini na maombi ya kubadili kilichoandikwa. Lakini umakini huo unahusu utambulisho wa mtahiniwa, na hapa utambulisho haukubishaniwa: kila mtu alijua kwamba aliyefanya mtihani ni yuleyule aliyekuwa anaomba. Mahakama ilibaini kwamba kanuni za Baraza lenyewe ziliruhusu cheti kurudishwa kwa ajili ya marekebisho. Kuhusu alama ya jinsi, hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: alama za mtihani hazitolewi kwa kufuata jinsi ya mtahiniwa, na cheti kisichotaja jinsi hakipungukiwi ubora.

Hapa matokeo ya shauri yanafanana kwa namna ya kipekee na sarufi ya Kiswahili. Mahakama haikuliamuru Baraza liandike kwamba mwombaji ni mwanamke. Iliamuru jina liandikwe na jinsi iachwe bila kutajwa. Cheti kipya, ingawa kiliandikwa kwa Kiingereza, kikawa na muundo wa sentensi ya ngeli ya A-WA: kinamtaja mtu, kinasema alichofanya, na hakisemi zaidi ya hapo. Ukimya huo una pande mbili. Ulimpa mwombaji alichohitaji ili ajira isimkimbie, na wakati huohuo uliiepusha mahakama na swali kubwa la dola kutambua jinsia yake. Sarufi inayonyamaza huwapokea wote, lakini kunyamaza si sawa na kukiri.

Shauri hili halikuwa peke yake. Julai 2014, miezi michache kabla, Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji George Odunga, iliamuru Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali kulisajili shirika la Transgender Education and Advocacy, ambalo Audrey Mbugua ni miongoni mwa waasisi wake. Katika mwaka mmoja, jina la shirika na jina la mtu yalipata kuandikwa kwa amri ya mahakama. Hata kabla ya amri ya Oktoba kutolewa, kichwa cha shauri kilikuwa kimekwisha kumtaja mwombaji kwa jina la Audrey Mbugua Ithibu. Makarani na mawakili wa pande zote, pamoja na wale wa Baraza lililokataa jina hilo, walilitamka na kuliandika kila shauri lilipotajwa. Kuitwa kulitangulia hukumu.

6.0 Jina lililobaki

Swali la mwisho linahusu sehemu ya jina ambayo haikubadilishwa. Audrey ni jina la kike. Mbugua ni jina la kiume miongoni mwa Wagikuyu. Kwa mtazamo wa haraka, mtu anayetaka kutambuliwa kuwa mwanamke angetarajiwa kuliacha nalo. Kwa nini jina hilo linaweza kukaa bila kulivuruga lile la mbele?

Jibu liko katika muundo uliotajwa katika sehemu ya tatu. Katika mfuatano wa majina unaotumika leo Afrika Mashariki, jinsi ya mwenye jina husomwa katika nafasi ya kwanza. Nafasi za nyuma ni za wazee, na kwa kawaida wazee hao ni wanaume. Mwanamke wa Tanzania anayeitwa Neema Juma Hamisi amebeba majina mawili ya kiume, na hakuna anayeshangaa. Kinachoamua ni mahali jina lilipo, wala si jinsi ya neno lenyewe. Jina la kiume likikaa mbele linamtaja mwanamume. Likisogea nyuma linataja alikotoka mtu. Kwa sababu hiyo, kubadilisha neno moja la mbele kunatosha kuubadilisha usomaji wa jina zima. Mbugua katika Audrey Mbugua Ithibu linasomeka kama jina la nyumbani, sawasawa na lingesomeka kwa dada yeyote wa familia hiyo.

Kama viunganishi vya zamani vingekuwa bado vinatumika katika nyaraka, hali ingekuwa tofauti. Kwa mtu transjenda wa pwani, kubadili Rashidi kuwa Rashida ni kubadili irabu moja. Kubadili bin kuwa binti ni kuitaka familia itamke upya uhusiano wake naye. Jina la mbele linaweza kuombwa kwa msajili. Binti hutamkwa na baba, mama na shangazi, na hakuna hati inayoweza kuwalazimisha. Kuachwa kwa viunganishi hivyo katika fomu za serikali kulifanywa kwa sababu za kiofisi, lakini kumeacha upenyo ambao watunga fomu hawakuukusudia.

Kubaki kwa jina la nyuma kuna maana nyingine ya kina zaidi. Kwa desturi ya Wagikuyu watoto hupewa majina ya babu na bibi zao kwa mpangilio maalumu, ili wazee waendelee kuitwa katika vizazi vinavyofuata. Pwani nako watu wawili wenye jina moja huwa ni somo au wajina, na uhusiano huo una haki na utani wake. Katika jamii za namna hii, kuacha majina yote ni kuvunja ahadi iliyowekwa na wengine kabla mtu hajazaliwa. Anayebadili jina la mbele na kulishika la nyuma anasema kwa lugha ya majina kwamba haombi kutoka katika familia. Anaomba kuitwa vizuri akiwa ndani yake. Siti alifanya hivyo alipobaki binti Saad, na Audrey alifanya hivyo alipobaki Mbugua Ithibu.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba jina jipya la mtu mzima lina safari yenye vituo vitatu. Kituo cha kwanza ni kuacha kuitikia jina la zamani, na hicho kiko mikononi mwa mwenyewe. Cha pili ni kutwaa jina jipya, ambacho sheria ya Kenya inakiruhusu kwa mtu yeyote bila kumuuliza jinsi yake. Cha tatu ni kuitwa, ambacho kiko mikononi mwa wengine: familia, waajiri, wanahabari, makarani. Waimbaji, waandishi na wanasiasa walifika kituo cha tatu kwa kubebwa na sifa zao. Audrey Mbugua Ithibu alifika kwa amri ya mahakama, kwa sababu chombo kimoja kilichopaswa kumwita kilikataa.

Wanaleksikografia wanaweza kutazama upya fasili za kujiita, jina bandia na jina la kupanga, na kujiuliza kama kamusi inampa mtu aliyebadili jina lake kwa hati halali neno lolote lisilomtuhumu. Watunzi wa fomu wanaweza kujiuliza ni nyaraka zipi hasa zinahitaji alama ya jinsi ili zifanye kazi yake. Waandishi wa habari wa Kiswahili wana kazi nyepesi kuliko wenzao wa lugha nyingine, kwa kuwa sarufi yao haiwadai kiwakilishi cha jinsi. Wanachodaiwa ni jina tu, nalo limekwisha kuandikwa kwenye cheti.